Familia ya askari aliyepelekwa mashariki: kambini, mjini, kwa wazazi au kumfuata?

Askari wa Lubumbashi akishapata amri ya kwenda vitani mashariki mwa Kongo, yeye na mke wake huwa na siku chache tu za kuamua mambo mawili: familia itakaa wapi, na mshahara utaifikia kwa njia gani. Wengi huanza na nyumba, kwa kuwa nyumba inaonekana na ndugu wanaiulizia, huku suala la pesa likiachwa hadi jioni ya kuagana na kufungwa kwa ahadi ya "nitakuwa natuma". Hapa nimeanza na pesa, kwa sababu nimeona familia zenye mshahara uleule na idadi ileile ya watoto zikiishi maisha yaliyopishana kabisa, na chanzo cha tofauti hiyo kikawa ni jinsi pesa ilivyotoka benki hadi mkononi mwa mama. Baada ya hapo nitalinganisha makao manne ambayo watu wa hapa huyachagua: kubaki kambini, kupanga mjini, kurudi kwa wazazi, na kumfuata mume alikopelekwa. Familia ninayoifikiria ni ya askari wa cheo cha chini mwenye mke na watoto wanne au watano. Afisa wa cheo cha juu ana nafasi pana zaidi ya kuchagua, na sehemu kubwa ya maneno haya haimhusu.

Mshahara unaoweza kutegemewa

Machi 2025, baada ya Goma kuangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari, serikali ilitangaza kwamba mshahara wa wanajeshi na wa polisi ungeongezwa mara mbili. Kabla ya hapo askari wa kawaida alikuwa akipata kiasi kinachokaribia dola 100 za Marekani kwa mwezi. Nyongeza hiyo ilipokelewa kwa shangwe, na ilistahili, lakini mke anayepanga matumizi ya nyumba anapaswa kuhesabu kile kilichoandikwa katika ujumbe wa benki wa mwezi uliopita, si kile kilichosemwa redioni.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba mshahara hulipwa kwa faranga za Kongo, ilhali kodi ya nyumba katika mji huu wa shaba hutajwa kwa dola, hata katika mitaa ambako hakuna mpangaji anayelipwa kwa dola. Mwaka 2013 dola moja ilibadilishwa kwa faranga karibu 920. Kufikia mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,700. Tuchukue mfano wa nyumba ya dola 50: ile iliyodai faranga 46,000 hapo awali ilikuja kudai zaidi ya 135,000, bila mwenye nyumba kupandisha kodi hata kidogo. Faranga ilipata nguvu kiasi mwishoni mwa mwaka 2025, na wapangaji wakapumua, ila kupumua huko kusichukuliwe kuwa kanuni ya kupangia mwaka mzima.

Posho ya vitani isiingizwe kabisa katika hesabu ya nyumbani. Ni pesa ya kumsaidia askari kuishi kule aliko, mara nyingi huchelewa, na askari ambaye mgao wake wa chakula haukufika hulazimika kununua unga, sabuni na muda wa simu kutoka mfukoni mwake. Tena, hata sehemu ya mshahara wenyewe itabidi ibaki naye. Mke anayedhani kwamba mshahara wote ni wa nyumbani, na mume anayedhani kwamba nyumbani watajitafutia, wote wawili wanaandaa ugomvi wa simu usioisha. Ni heri wakubaliane kiwango kabla ya safari, wakiandike, na kila mmoja abaki na nakala.

Njia za kuufikisha nyumbani

Zamani pesa za askari zilipita mikononi mwa makamanda, na kila mkono ulibaki na kitu. Kuanzia mwaka 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EUSEC ulisaidia serikali kutenganisha njia ya amri na njia ya malipo, ili anayeamuru askari asiwe ndiye anayewalipa, na tangu mwaka 2011 serikali imekuwa ikihamishia malipo ya watumishi wake katika akaunti za benki. Mageuzi hayo yalipunguza mikono ya katikati, ila akaunti ilifunguliwa kwa jina la askari peke yake, na hapo ndipo mke aliyebaki Lubumbashi anapokwama. Ana njia nne mbele yake, na hazilingani.

Njia iliyozoeleka ni kumwachia mke kadi ya benki pamoja na nambari ya siri. Ni rahisi, haihitaji karatasi, na inafanya kazi vizuri hadi siku inapokataa kufanya kazi. Siku za malipo, katika foleni mbele ya mashine ya kutolea pesa, utamwona mama aliyefunga kadi katika ncha ya kitenge, na nambari ya siri ameiandika kwa kalamu nyuma ya kadi ya chanjo ya mtoto. Mashine ikiimeza kadi hiyo, benki itamtaka mwenye akaunti aje mwenyewe na kitambulisho chake, naye mwenye akaunti yuko porini huko Walikale. Kuna na hatari nyingine inayozungumzwa kwa sauti ya chini: kadi iliyo nyumbani ni kitu cha kuweka rehani. Wakopeshaji wa mtaani, wale wa "banki lamberi", hupenda sana kadi ya askari, kwa sababu mshahara wake unaingia bila yeye kufukuzwa kazi. Humpa mama pesa ya hospitali leo, humdai mwisho wa mwezi mkopo pamoja na riba inayoweza kufika nusu yake, na kadi hukaa kwao. Familia ikishaingia humo, hutumia mwaka mzima kumlisha mkopeshaji.

Njia ya pili ni mume kutoa pesa mwenyewe na kuituma kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Faida yake ni kwamba mume anabaki na fungu lake na mke anapata lake bila kushika kadi ya mtu. Lakini njia hii inategemea mambo matatu yawepo siku moja: benki au wakala mwenye pesa taslimu, mtandao wa simu, na ruhusa ya kutoka kwenye kambi ya mstari wa mbele. Benki za Goma zilifunga milango Januari 2025, na askari aliyeko msituni hupita wiki nyingi bila kuona mnara wa simu. Kwa hiyo naiona njia hii kuwa ya akiba, ya kutumia pale nyingine ziliposhindikana, wala si ya kujengea nyumba.

Ya tatu ni hati ya uwakilishi, prokirasio, ambayo mume na mke huisaini pamoja mbele ya mhudumu wa benki, wote wakiwa na vitambulisho vyao. Mke akishaandikishwa hivyo, huenda dirishani kwa jina lake mwenyewe na kutoa kiasi kilichokubaliwa. Kadi ikipotea hapungukiwi na kitu, na hakuna mkopeshaji atakayeweza kuishika saini yake kama rehani. Inachukua asubuhi nzima, na pengine mbili, jambo ambalo askari aliyeambiwa aripoti keshokutwa huona ni kubwa. Si kubwa. Ni asubuhi yenye thamani kuliko zote alizobaki nazo mjini.

Ya nne, ambayo wachache wanaijua, ni mke kufungua akaunti yake katika benki hiyohiyo, kisha mume aagize kwamba kila mshahara unapoingia, kiasi fulani kihamie kwa mke bila kungoja neno lake tena. Marekebisho ya Kanuni ya Familia ya mwaka 2016 yaliondoa ile idhini ya mume ambayo mke alidaiwa zamani kabla ya kufunga mkataba, kwa hiyo mhudumu anayemwambia mama arudi na barua ya mume ili afungue akaunti yake anaishi bado na sheria ya mwaka 1987. Kati ya njia zote nne hii ndiyo ninayoipendelea, kwa sababu inamaliza mabishano ya kila mwezi: kila mmoja anajua lililo lake. Inawafaa pia wale ambao uaminifu baina yao umeshapata ufa, na tusijifanye kwamba hao ni wachache.

Jambo moja linaziunganisha njia ya tatu na ya nne, na lazima lisemwe hata kama linachoma: uwakilishi hukoma siku mwenye akaunti anapofariki, na benki ikipata habari huifunga akaunti hadi warithi wajulikane. Njia ya mshahara, hata iwe nzuri namna gani, haivuki kifo. Kinachovuka ni karatasi, na nitazifikia.

Kubaki kambini

Kambi ya Vangu hapa Lubumbashi, kama kambi nyingine za jeshi, ina faida moja isiyopingika: hakuna kodi. Kwa familia ya cheo cha chini, hilo pekee linaweza kuwa sawa na theluthi au nusu ya mshahara kubaki mezani. Faida ya pili ni watu. Mke wa askari kambini amezungukwa na wanawake ambao hawahitaji kuelezwa kwa nini simu haijaita kwa mwezi. Mmoja akijifungua usiku, wapo watakaombeba, na mwingine akikosa unga, likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, ya wanawake wa safu yake ya nyumba itamsogezea zamu. Tena kambini ndiko habari za kikosi hufika kwanza, na hospitali ya jeshi iko karibu. Sheria ya mwaka 2013 kuhusu hadhi ya mwanajeshi inamtambulia askari haki ya matibabu kwa ajili yake na familia yake, ingawa dawa zenyewe mara nyingi mama hutumwa kuzinunua nje.

Gharama ya kambi haionekani kwenye karatasi. Chumba kilichojengwa kwa ajili ya askari mmoja hukaliwa na watu saba, kitanda cha wazazi kikitengwa na cha watoto kwa pazia la kitenge au kipande cha turubai, na masika yanapoanza Novemba sufuria zote za jikoni hugeuka vyombo vya kukingia maji ya paa. Binti akishafika miaka kumi na mitatu, swali la atalala wapi huwa zito kuliko swali la atakula nini. Choo ni cha wengi, bomba la maji ni la wengi, na mwenye cheo ana kauli ya mwisho juu ya nani anaongeza kibanda na nani anabomoa. Mama anayetaka kuuza makaa au mikate anaweza, ila wateja wake ni wanawake wenzake wenye mfuko uleule, nao hununua kwa deni hadi siku ya mshahara. Mwezi mshahara ukichelewa, safu nzima hukwama kwa pamoja.

Habari zinazofika kwanza nazo zina upande wake wa pili. Uvumi husafiri kambini haraka kuliko taarifa rasmi, na mara zaidi ya moja wanawake wameanza kulia msiba wa mtu aliyepiga simu wiki mbili baadaye. Siku hizi picha za maiti hupita kwenye WhatsApp bila jina wala tarehe, na watoto huziona kabla ya mama yao.

Kuhusu usalama, wengi hudhani kwamba kambi yenye bunduki ni salama kuliko mtaa. Si lazima iwe hivyo. Februari 2021 wapiganaji wa Bakata Katanga, kundi linalotaka Katanga ijitenge, walivamia kambi za Kimbembe na Kibati hapa Lubumbashi, na watu walikufa. Januari 2014 huko Mbuji-Mayi radi ilipiga ghala la silaha la kambi ya jeshi, likalipuka na kuua watu wapatao 20. Anayepewa nyumba kambini aulize ghala liko upande gani, na kama anaweza kuchagua, akae mbali nalo.

Lakini hatari iliyo karibu zaidi na mke ni ile ya siku askari anapofariki, kustaafu au kuhamishwa kabisa. Nyumba ya kambi ilitolewa kwa ajili ya askari, na atakayekuja baada yake ataihitaji. Mjane huvumiliwa kwa muda, kisha huanza kuulizwa, kisha vyombo vyake hutolewa nje. Familia isiyolipa kodi kwa miaka kumi bila kuweka akiba hata ya miezi michache hufika siku hiyo ikiwa na mikono mitupu, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa linalofanywa na wanaochagua kambi: wanaihesabu nafuu ya kodi kuwa nyongeza ya chakula peke yake. Aliyeko kambini angeigawa hiyo nafuu mara mbili, nusu iende mezani, nusu iende kwenye akaunti ya mama.

Kupanga mjini

Anayetaka kupanga ana komini saba, yaani manispaa za ndani ya mji, za kuchagua, lakini kwa mfuko wa askari mazungumzo hubaki Katuba, Kenya, Ruashi na pembezoni mwa Annexe. Kamalondo na Kampemba zina nyumba za kila aina, ila zilizo karibu na barabara kubwa zina bei yake. Kinachoiumiza familia zaidi ya kodi ya mwezi ni kiingilio. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji wa nyumba za kuishi inasema dhamana isizidi kodi ya miezi mitatu, lakini wenye nyumba wengi hudai zaidi, na kamisioneri, yaani dalali, aliyekuonyesha mlango anataka kodi ya mwezi mmoja iwe yake. Kwa ile nyumba yetu ya mfano ya dola 50, hata sheria ikifuatwa barabara, ni dola 150 za dhamana na 50 za kamisioneri, yaani dola 200 kabla ya kulipa mwezi wa kwanza wa kulala humo. Kwa mshahara wa kabla ya nyongeza ya 2025, hiyo ni miezi miwili bila kula.

Tena wenye nyumba hapa hawampendi mpangaji askari. Husema wazi kwamba mwenye bunduki akikosa kulipa hakuna wa kumtoa, na mke wa askari ambaye mume hayupo humtia mwenye nyumba wasiwasi wa aina nyingine, kwamba mshahara utakatika kule vitani naye abaki na mama na watoto asioweza kuwafukuza. Hapo ndipo njia ya pesa inaporudi: mama mwenye akaunti yake, anayeweza kuonyesha kwamba kila mwezi kiasi fulani huingia kwa jina lake, huzungumza kwa sauti nyingine kabisa. Mkataba nao uandikwe kwa jina lake, usiandikwe kwa jina la mume aliye mbali, na risiti ya dhamana ihifadhiwe, kwa kuwa mzozo wa kurudishiwa dhamana ni desturi ya mji.

Mtaani mama hufanya biashara na watu wanaolipwa siku tofauti: mchimbaji wa migodi, fundi, mwalimu, dereva wa teksi. Kibanda cha unga na samaki wakavu mbele ya nyumba, au meza katika soko la komini ya Kenya, kinaweza kulipa kodi katika mwezi ambao mshahara umechelewa. Biashara ya unga ina hila yake, kwani sehemu kubwa ya mahindi yetu hupitia Kasumbalesa kutoka Zambia, na ukame ulipoipiga Zambia mwaka 2024 bei ya bukari, yaani ugali, ilipanda mji mzima. Lakini mteja wa mtaani hununua hata hivyo, ilhali mteja wa kambini hungoja.

Watoto huenda shule pamoja na watoto wa raia, jambo ambalo mimi naliona jema, ingawa wazazi wengine hudhani kwamba mtoto wa askari hutaniwa. Shule ya msingi ya serikali ni ya bure tangu Septemba 2019. Sekondari inalipiwa, kambini na mjini vilevile. Upweke ndio unaowashinda wengi. Mke wa askari mtaani hana wa kumwambia lililo moyoni bila lenyewe kuzunguka hadi kwa mama mkwe, na mwanamume yeyote atakayeingia uani, hata fundi wa umeme, atahesabiwa. Nimeona ndoa nyingi zaidi zikiharibika kwa simu moja ya jirani kuliko kwa mwaka mzima wa kutengana. Dawa ninayoijua ni mama kuendelea kwenda kambini: abaki katika likelemba ya wenzake, ahudhurie misiba yao, na jina lake lisisahaulike katika ofisi ya utumishi ya kikosi.

Kwa wazazi

Kurudi Kasenga, Bukama au Kamina kuna maana pale ambapo kuna shamba la kweli na mama bado anayo nguvu ya kulilima. Chakula ni rahisi, bibi na babu wanasaidia kulea, na mshahara mdogo huonekana mkubwa. Lakini benki iko mbali, na usafiri wa kuifikia hula sehemu ya kile unachokwenda kukichukua, hivyo ni njia inayoifaa familia yenye agizo la kudumu pamoja na simu ya kupokelea pesa, si ile inayotegemea kadi. Kosa la kawaida ni kwenda kwa wazazi wa mume ilhali ndoa haijaandikishwa. Siku msiba ukitokea, mama huyo yumo ndani ya nyumba ya watu watakaoshindana naye juu ya kila kitu, naye hana karatasi.

Kumfuata

Desturi ya wake kuishi karibu na askari ni ya zamani, tangu enzi ya Force Publique, jeshi la wakoloni Wabelgiji, na kuna wanawake wanaoishika kwa sababu inayoeleweka: wanaogopa "biro ya pili", yaani mwanamke wa pembeni. Hawaogopi bure. Askari akikaa mashariki miaka miwili mitatu bila likizo, mara nyingi huanzisha nyumba nyingine, na pesa hugawanyika kimyakimya. Hata hivyo, siwezi kumshauri mtu apeleke watoto karibu na mstari wa mbele ili amlinde mume. Goma na Bukavu zilipoanguka mwaka 2025, kambi za Katindo na Saïo, zilizokuwa zimejaa wake na watoto wa askari, zilibaki upande ambao serikali haina mamlaka, nao wanaume walikuwa wamerudi nyuma, wamekamatwa, au hawajulikani walipo. Mama aliyekuwa Lubumbashi siku hiyo alikuwa na hofu. Mama aliyekuwa Katindo alikuwa na hofu na watoto barabarani. Kama mume yuko Kalemie au Kamina katika kambi ya mafunzo, na anatarajiwa kukaa huko muda mrefu, hesabu ni nyingine, na kumfuata kunaweza kuwa na maana kuliko kulipia nyumba mbili.

Karatasi

Makao yoyote yatakayochaguliwa, kuna mafungu ya karatasi yanayopaswa kuwa mikononi mwa mke kabla ya mume kupanda ndege: cheti cha ndoa kilichoandikishwa komini, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, nakala ya kadi ya jeshi, na nambari ya matrikule, ile inayomtambulisha askari jeshini, iliyoandikwa mahali pengine mbali na simu. Ndoa ya kifamilia, hata mahari yakiwa yamelipwa mbele ya wazee wote, inatambuliwa na sheria mradi iandikishwe. Isipoandikishwa, mjane anayedai pensheni huanza kwa kuthibitisha kwamba alikuwa mke. Zaidi ya hayo, mume aende ofisi ya utumishi ya kikosi chake ahakikishe kwamba dosye yake, yaani faili lake, inataja mke na watoto walewale walioko nyumbani, kwa kuwa kuna madosye yaliyojazwa zamani, akiwa bado kijana na mtoto mmoja, na hayajaguswa tena.

Kuhusu urithi, Kanuni ya Familia inaitambua ndoa ya mke mmoja tu, lakini inawaweka katika daraja la kwanza la warithi watoto wote ambao baba aliwatambua kisheria, hata wale wa nje. Mke anayedhani kwamba kuikana nyumba ya pili kutawafuta watoto wa nyumba hiyo amekosea hesabu. Ni afadhali ajue mapema wako wangapi.

Nani achague lipi

Mama mwenye watoto wadogo, asiye na mtaji, ambaye mume ameondoka na kadi peke yake, abaki kambini. Hali yake haimruhusu kuahidi kodi ya dola kwa mtu yeyote, na mwezi wa kwanza mbaya ungemtoa nje. Mama mwenye biashara inayozunguka, mabinti wakubwa na pesa inayoingia kwa jina lake mwenyewe anaweza kupanga, hasa kama anayo akiba ya kiingilio bila kukopa; akilazimika kukopa ili apate dhamana, basi muda wa kupanga haujafika. Kwa wazazi niwashauri wale tu wenye shamba na ndoa iliyoandikishwa.

Kwa wale ambao mume ameshaondoka bila kupanga lolote kati ya haya, mambo bado yanaweza kurekebishwa. Mara nyingi askari hupitishwa katika mji wenye tawi la benki yake, kama Kalemie au Kisangani, akielekea au akirudi kutoka kikosini. Siku hiyo aingie na kadi yake ya jeshi, aulize kama tawi hilo linaweza kupokea agizo la kuhamishia sehemu ya mshahara kwenye akaunti ambayo mke ameshaifungua Lubumbashi, na abaki na nakala yenye muhuri. Ili hilo liwezekane, mke asingoje: aifungue akaunti sasa, amtumie mume nambari yake kwa ujumbe wa simu, na aurudie ujumbe huo kila mume anapobadilisha laini.